Mazoezi ya Pumzi Mbele ya Mlango wa Mama Mkwe

Niseme mapema ili tusisumbuane: mama mkwe wangu sikumpenda, naye hakunipenda, na mazoezi ya pumzi hayakutupatanisha. Siku hizi nawasikia watu redioni wakielekeza namna ya kuanza mazoezi haya, kwa sauti laini, kama wanambembeleza mtoto alale. Tafuta mahali patulivu, wanasema, kaa wima, weka mawazo yote pembeni. Mahali patulivu wapi? Mimi nilianzia Nkunga, chini ya upenu wa jiko, mvua inanyesha, nimeuelekea mlango wa mtu asiyetaka kuniona, na nusura mazoezi hayo yanitoe kwenye nyumba yangu na kwa wanangu.

Kwetu ni Ikuti. Niliolewa Nkunga, lakini miaka ya mwanzo tuliishi Tukuyu mjini, mtaa wa Bagamoyo, mume wangu karani wa ushirika na mimi na cherehani yangu kwenye baraza la duka. Nilishona sare za shule, magauni ya wanakwaya, suruali za walimu. Nilikuwa fundi, na nilijua kwamba mimi ni fundi. Kisha serikali ikalegeza biashara, ikaja ruksa. Kila kitu ruksa, hata marobota ya nguo za mitumba, kafa ulaya tulivyoziita. Mwalimu aliyezoea kunisubiri nimalize shati lake sasa aliinama sokoni akichambua rundo, na alipopita barazani kwangu na mfuko wake hata aibu ya kuuficha hakuwa nayo. Ushirika nao ukapunguza watu, mume wangu akiwa miongoni mwa wa kwanza. Akaingia biashara ya mpakani, huko Kasumulu, leo sukari, kesho sabuni, keshokutwa mikono mitupu. Kodi ya nyumba ikatushinda. Tukapakia vyombo, cherehani juu ya gunia la viazi, tukahamia Nkunga kwenye nyumba ndogo iliyokuwa uani kwa wazazi wake.

Nilikwenda shingo upande. Nilijua ninakokwenda.

Mtu wa mbali haelewi mpaka aambiwe: mkamwana wa Kinyakyusa hakutani na baba mkwe wake. Hamtazami usoni, hali naye, haingii chumba alimo, hataji jina lake. Mjini wengi walikwisha kuyaacha hayo, na kanisani tulikaa wote ndani ya jengo moja bila mtu kudhurika, lakini nyumba ile iliyashika kwa mikono miwili. Baba mkwe wangu, kwa upande wake, alikuwa mtu wa haki. Kila alipotaka kupita uani alikohoa kwanza, kwa nguvu, ili nipate muda wa kujificha. Nikisikia kikohozi naacha nilichoshika, naingia migombani, nageuka nyuma, nasubiri apite. Miaka yote ya ndoa nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mabuti yake. Sura yake nilikuwa naijua kwa picha.

Alikufa siku ya gulio. Mama mkwe alikuwa amepeleka ndizi mjini, mume wangu yuko Kasumulu, watoto wako shuleni. Nilikuwa uani nachambua maharage nikasikia kikohozi. Nikafanya kama nilivyofundishwa tangu nikiwa msichana, nikaingia migombani nikageuka. Kikohozi kikaendelea. Nikasubiri. Nikajisemea, leo mzee ana nini, mbona hapiti? Nilisimama kule nikitazama majani ya mgomba, kumbe mtu aliyekuwa nyuma yangu hakuwa ananipa taarifa, alikuwa anakata roho. Mpaka leo nikilifikiria jambo hilo hasira zinanipanda, na sioni kwa nini zisipande. Mimi niliwatii.

Nilipogeuka alikuwa ameanguka kwenye matope. Nikapiga kelele, hakuna aliyejibu. Nikamwinua nikamkalisha, na mimi nikakaa nyuma yake, mgongo wake kifuani kwangu, mikono yangu chini ya makwapa yake. Nilikaa nyuma makusudi, asilazimike kuniona. Hewa ilikuwa inaingia kidogo kidogo kwa mkoromo. Na hiyo kidogo aliyoipata hakuitumia kuishi, aliitumia kusema. "Niache," alisema. Sikumwacha. Akaanza kujivuta mbele, yaani mtu anakufa huku ananikimbia, na mimi namrudisha kifuani, tunavutana, mpaka akatulia. Wachuma chai waliosikia kelele zangu walipofika walinikuta bado nimemshika.

Neno lile sikumwambia mtu.

Msibani watu hawakuhangaika sana kuuliza amekufaje. Waliuliza alishikwa na nani. Mama mkwe alikaa mkekani na wenzake, na kila nilipopita na sinia au ndoo alinyamaza mpaka nipite, kisha nasikia sauti yake ikianza tena nyuma yangu, chini chini, haisikiki inasema nini. Aliendelea hivyo baada ya matanga kuanuliwa. Nikifagia uani, anasimama mlangoni kwake midomo inacheza. Nikimsalimia anaitikia ardhi, si mimi.

Haikuchukua muda pumzi zangu zikaanza kukatika. Mara ya kwanza nilikuwa shambani nachuma chai, kikapu mgongoni, ukungu umeshuka mpaka kwenye magoti. Navuta hewa, inaishia kooni. Navuta nyingine, inaishia palepale. Moyo ukaanza kwenda mbio, vidole vikafa ganzi, nikaona kabisa kwamba nakufa na nitakutwa kwenye matuta ya chai nimelala juu ya majani mabichi. Ikapita. Kesho yake ikanirudia nikiwa kanisani, katikati ya wimbo. Kisha ikawa inakuja inapotaka, nikipika, nikikunja nguo, nikimpigia mtoto kelele. Nikaanza kuogopa hata kucheka. Nilitaka kitu kimoja tu duniani, kuvuta hewa ifike chini inakotakiwa kufika.

Nikaenda zahanati. Nesi aliyenipokea alikuwa mgeni, amehamishiwa kwetu kutoka kanda ya ziwa, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Akanisikiliza kifua, mbele na nyuma, akaniambia nikohoe, nikakohoa. Halafu, mbele ya foleni nzima ya akina mama na watoto wao, akatangaza kwamba kifua changu ni kizima kuliko chake. Akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia baba mkwe. Akaniuliza kama namuogopa mtu. Nikamwambia mimi simuogopi mtu yeyote. Akasema basi huo ndio ugonjwa wenyewe, mwili unaogopa na mwenye mwili hataki kusikia, na dawa ya kunipa hana ila atanifundisha kupumua.

Kupumua! Nimezaa, nimelea, nimebeba maji kutoka mtoni kupandisha kilima kile, leo mtu aliyekuja juzi na begi lake anifundishe kupumua. Nilimchukia papo hapo. Chuki ikazidi aliponiambia kwamba ni yaleyale anayowafundisha wajawazito wakati wa uchungu. Nikamjibu kwamba sina mimba. Akasema hajali nina nini, nikae kwenye benchi, mgongo wima, mkono mmoja kifuani na mwingine tumboni.

Nikakaa, kwa sababu nilikuwa nataka hewa.

Maelekezo yake yalikuwa machache, na nimeyashika mpaka leo. Vuta kwa pua, taratibu, mpaka mkono wa tumboni uinuke. Mkono wa kifuani ubaki ulipo. Mabega yasipande. Kisha chongoa midomo kama unapoza uji wa moto, utoe hewa polepole, kutoa kuwe kurefu kuliko kuvuta. Basi. Nilipojaribu nilivuta kwa nguvu zote kama mtu anayeshindana, nikaona giza, nikashika ukuta. Akanigombeza. Nani kakwambia uvute kwa nguvu, aliniuliza, kinachotuliza ni kutoa, kuvuta kutajileta kwenyewe. Akaniambia nifanye kidogo kila asubuhi kabla ya kazi, nikiwa sina shida, siyo nisubiri shida ije ndipo nianze kutafuta pumzi zilipo. Na kama nasahau, nijisemee kwa sauti: "Tumbo, siyo mabega. Polepole, uji wa moto." Nikatoka bila kumshukuru.

Kesho yake asubuhi nikatoa kigoda nje. Ndani ya jiko kulikuwa na moshi, chumbani walikuwa wamelala watoto, na Nkunga mvua haikuulizi una shughuli gani. Pakavu palikuwa mahali pamoja tu, chini ya upenu wa jiko, upande unaotazama nyumba ya mama mkwe. Nikaweka kigoda hapo. Nikashika kifua, nikashika tumbo, nikajisemea kama nilivyoambiwa, nikachongoa midomo, nikapuliza.

Siku za mwanzo sikuona faida yoyote, niliona upumbavu. Mgongo unauma, pua imeziba kwa baridi, mawazo yote yanakuja kukaa kwenye kigoda pamoja na mimi: cherehani yenye kutu, mume asiyeonekana, yule mzee anavyojivuta kwenye matope. Lakini mimi nina ubishi, na nilitaka nirudi zahanati nimwambie yule nesi kwamba mambo yake hayafanyi kazi. Nikaendelea ili nimuumbue. Asubuhi moja, sijui hata nilikuwa nawaza nini, mkono wa tumboni ukainuka wenyewe na hewa ikashuka mpaka chini kabisa, ikakaa, ikatoka. Nikatulia pale na machozi yananitoka, mjinga mimi, kwa ajili ya hewa. Tangu siku hiyo sikukosa. Zile pumzi za kukatika zilikuja bado, lakini nilizikuta njiani kabla hazijafika.

Mama mkwe alikuwa ananiona. Mlango wake ulikuwa na mwanya, na nyuma ya mwanya lilikuwapo jicho kila asubuhi. Nilijua anatafuta la kusema. Mwache atafute, nilijisemea, nikapuliza.

Hapo sasa nikafanya kosa la mtu aliyekaa mjini akasahau kwao. Kwetu hasira ya mtu haikai kifuani mwake, inatoka na pumzi. Watu wa nyumba wakikununia na kunung'unika, wewe unayenung'unikiwa unashikwa na baridi, unakohoa, unakonda, na dawa yake si ya duka. Wanakusanyika, kila mwenye lake moyoni analisema lote bila kuficha, anatia maji mdomoni, anayapuliza chini, anasema yamekwisha. Asiyesema ndiye mbaya. Wachungaji walihubiri dhidi ya mambo hayo tangu bibi zetu, na watu wakaitikia amina, lakini hakuna aliyeacha kuogopa. Na mimi, mtoto wa Ikuti niliyekua nayo hayo, kila asubuhi nilikaa mbele ya mlango wa mtu niliyemchukia, nanong'ona, halafu nampulizia.

Mama mkwe akaanza kukohoa. Ilikuwa msimu wa baridi, nusu ya kijiji ilikuwa inakohoa, lakini kikohozi chake kilikataa kuondoka. Akakonda. Uji hamalizi. Jirani yetu, mama mmoja aliyekuwa na mdomo usiopumzika hata akiwa amelala, akasema amenishuhudia kwa macho yake, nasema maneno kwanza kisha napuliza, na napuliza kuelekea mlangoni. Habari ikazunguka Nkunga kabla chai ya siku ile haijafika kwenye mizani.

Mume wangu alirudi kutoka mpakani akaikuta njiani. Nilimweleza kila kitu, zahanati, nesi, uji wa moto. Akasikiliza, akavua viatu, akasema niache tu hayo mazoezi ili yaishe. Nikamuuliza yaishe yapi, maneno ya watu au pumzi zangu. Akasema mama ni mgonjwa. Nikamwambia na mimi nilikuwa mgonjwa, mbona hapakuitwa kikao? Mwanamume huyo alikuwa anaweza kubishana na maofisa forodha mpaka wakamwachia, lakini mbele ya mama yake ulimi ulikuwa unamganda.

Baba mdogo wake, ndugu wa marehemu, ndiye aliyekuwa mkubwa wa nyumba sasa. Akaleta maneno. Jumamosi nije mbele ya watu, niseme kilichoko moyoni, nipulize maji, na kigoda changu nisikitoe tena nje. La sivyo mume wangu anirudishe Ikuti. Wanangu hawakutajwa, na hawakuhitaji kutajwa, kwa sababu kila mtu alijua kwamba watoto ni wa nyumba ile, mimi ningeondoka na nguo zangu na cherehani. Kwa hiyo nilikuwa na mawili. Nikae na wanangu bila pumzi, au niende na pumzi zangu bila wanangu. Wiki ile nilifanya mazoezi kila asubuhi, palepale, na nilipuliza kwa nguvu.

Jumamosi wakakusanyika sebuleni kwa mama mkwe. Na hapo mje mnione: baba mdogo naye ni mkwe wangu, simtazami. Kwa hiyo mimi mshtakiwa niliketishwa mkekani kwenye kona, nimewapa mgongo, kanga imenifunika kichwa, natazama ukuta. Nilihukumiwa na watu nisiowaona. Nilisikia viti vikilia, nikasikia mama mkwe akikohoa kitandani kwake, walikuwa wamemletea kitanda cha kamba hapo sebuleni. Jirani akatoa ushahidi wake na nyongeza. Baba mdogo akaongea kwa upole, Kiswahili chake kizito cha kwetu, akasema hakuna aliyekuja kugombana, lakini pumzi ya mtu ina uzito, na mkamwana aseme alichonacho.

Nikauambia ukuta. Sikuinua sauti. Nikaeleza kwamba mwaka mzima mimi ndiye niliyekuwa nakosa hewa, na wote wamenishuhudia, shambani na kanisani. Nikaeleza ilianza lini. Kisha nikasema lile nililokuwa nimelala nalo wiki nzima.

"Mnaamini pumzi ya mtu inamwangusha mwenzake. Haya. Mimi ndiye niliyeanguka kwanza. Ulizeni nani alinipulizia mimi."

Nilisikia mtu akisogeza mguu. Mume wangu akaita jina la Mungu kwa sauti ndogo. Baba mdogo akafungua mdomo kusema, mama mkwe akamkatiza.

"Ni mimi," alisema. "Nilimnung'unikia. Kila siku."

Akasema yote, na akikohoa alisubiri kikohozi kiishe akaendelea. Alikuwa amekwenda na ndizi mjini, zikachelewa kununuliwa, wafanyabiashara wapya wanataka bei ya kumnyonya mtu, akakaa mpaka jioni kwa sababu ya ndizi. Anarudi anakuta mume wake amelazwa, anaambiwa amekufa kifuani kwa mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ni mkamwana. Hakusema kwamba nilivunja mila. Nilikuwa nimejiandaa kujibu habari za mila, majibu yangu makali nimeyapanga, akaninyima nafasi. Alisema ile ilikuwa ni nafasi yake yeye. Yeye ndiye aliyelala na mtu yule tangu ujana, na pumzi ya mwisho nimeichukua mimi, nimekaa nayo, sijawahi hata kumwambia alisema nini.

"Alisema nini?" aliniuliza.

Ningeweza kumdanganya. Watu wengi wangesema alikuita wewe, mama, alitaja jina lako. Ningefanya hivyo kwa mtu ninayempenda.

"Alisema nimwache," nilisema. "Nikakataa."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Kisha nikasikia sauti ambayo sikuitegemea, mama mkwe alikuwa anacheka, kicheko kikavu kinachoishia kwenye kikohozi. Akasema ndivyo alivyokuwa, jamani. Hata malaria ikimshika alikuwa anamfukuza yeye mkewe chumbani, hataki kushikwa, hataki kuonekana analia. Mara zote alipoambiwa niache, yeye alitii, akatoka nje, akakaa jikoni mpaka homa ipite. Aliyasema hayo kwa kulalamika, kama mtu anayesema habari za jirani msumbufu. Halafu akaomba maji.

Nikasikia kikombe kikigonga meno yake. Akapuliza sakafuni, mate na maji, akasema kwa upande wake yamekwisha. Sikumwamini na sidhani kama alijiamini. Baba mdogo akashukuru, akasema sasa zamu ya mkamwana, na kikombe kikaletwa nyuma yangu, kikawekwa mkekani. Nikakichukua, nikatia maji mdomoni.

Hapo ndipo ikaja ile ya kukatika pumzi. Sikuikuta njiani, ilinikuta nyumbani. Nataka kupuliza, hakuna cha kupulizia. Koo limefunga, vidole vimekufa, maji yamenimwagikia yote kwenye kanga na kifuani, na mpaka leo wazee wa nyumba ile hawajakubaliana kama yale yalihesabika au hapana. Nikajaribu kukumbuka tumbo, nikapata mabega. Nikasikia viti vikirudi nyuma, watu wamesimama, na hakuna anayekuja. Baba mdogo hawezi kunigusa, mila. Mume wangu alikuwa amesimama tu anasema jamani, jamani. Ukuta ulikuwa unakwenda mbali. Nikajua kwamba nakufa, na kwamba nakufa mbele yao, nimelowa, kanga imenivuka kichwani, wote wananitazama mgongo, na aibu hiyo ilinichoma kuliko kukosa hewa kwenyewe.

Kitanda cha kamba kikalia. Nikasikia miguu mitupu ikiburuzwa sakafuni, kisha mtu akajitupa mkekani nyuma yangu na magoti yake mawili makavu yakanibana huku na huku. Akanivuta mgongo wangu kifuani kwake. Alinuka mafuta ya mgando na moshi. Mkono mmoja akauweka tumboni kwangu bila adabu yoyote, akakandamiza.

"Tumbo," alisema sikioni mwangu. "Siyo mabega, mpumbavu wewe. Tumbo. Sasa toa. Polepole, uji wa moto."

Maneno yote. Kwa mpangilio wake. Nyuma ya mwanya ule wa mlango, asubuhi zote zile nilipodhani ananitafutia kosa, alikuwa anajifunza. Akachongoa midomo karibu na shavu langu akapuliza mwenyewe, akinionyesha, na pumzi yake ilikuwa ya moto, ya mtu mwenye homa, na kifua chake kilikuwa kinakoroma mgongoni kwangu, lakini kwenda kilikuwa kinakwenda, kinapanda, kinashuka, taratibu kuliko changu. Alikuwa ameyafanya mara nyingi.

Sikutaka. Naandika haya nikiwa mtu mzima na nasema ukweli, sikutaka kuokolewa na mwanamke yule. Nilitaka mtu mwingine yeyote. Nilitaka anitoe mikono yake, ageuze uso, watoke wote nje wafunge mlango niteseke peke yangu bila kuonwa. Nikakaza miguu, nikajivuta mbele nimtoroke, akanirudisha. Hewa kidogo ikapita, ya kwanza, nyembamba kama uzi wa cherehani, na nikaitumia yote.

"Niache," nilisema.

Akakataa.